Ugumu wa Kumwachisha Mgonjwa Dawa

Walimu wangu, madaktari wenzangu, wauguzi, wafamasia, na zaidi ya wote nyinyi mnaoanza leo mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya ndani, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie majaribio ya tiba ya miaka ya karibuni na namna yanavyotuongoza tunapoamua kumpa mgonjwa dawa. Ombi hilo nitalipindua kidogo, mniwie radhi. Kumpa mgonjwa dawa tunakujua. Tumefundishwa tangu tulipoingia wodini kwa mara ya kwanza, na mkono wa kuandika hauchoki. Ambacho hatukufundishwa ni kumwachisha.

Siku moja aliingia kliniki bibi wa miaka 76 akiwa na mfuko. Nilipomuuliza anatumia dawa gani hakunijibu, aliumimina mfuko mezani. Vidonge vya aina tisa. Akavipanga mstari kama mtu anayepanga karata, akaanza: "Hiki nilianza kukimeza nilipopata mshtuko wa moyo, mwaka wa kumi na moja huu. Hiki niliambiwa ni cha kulainisha damu. Hiki cha mkojo. Hiki sikumbuki. Aliyeniandikia ameshastaafu. Sasa mwanangu, wa kuniambia niache ni nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nitarudi kwake mwishoni, maana kile kidonge cha kwanza alichokinyanyua kina kesi ndefu ambayo hadi mwaka 2025 ilikuwa bado inabishaniwa.

Kabla ya hapo, turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1980 madaktari wa moyo walikuwa na uhakika wa mambo mawili. La kwanza, mtu aliyenusurika mshtuko wa moyo, kisha moyo wake ukawa unarukaruka mapigo, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa ghafla kuliko mwenzake ambaye moyo wake umetulia. La pili, kulikuwa na dawa, enkainidi na flekainidi, zilizoyatuliza mapigo hayo barabara. Unamfunga mgonjwa mashine ya kurekodi moyo, unampa dawa, unaona kwa macho yako mistari imenyooka. Jumlisha mambo hayo mawili na jibu linajileta lenyewe. Dawa zikaandikwa.

Likaja jaribio la CAST kuuliza swali ambalo wengi waliliona la kupoteza muda: je, wanaomeza dawa hizi wanaishi zaidi? Na zingatieni, walioingizwa kwenye kura, yaani kugawanywa kwa bahati nasibu nani apate dawa na nani asipate, ni wale tu ambao dawa ilikwisha kuonekana kuwatuliza mapigo. Hawa ndio ambao daktari yeyote angesema "huyu dawa imemkubali". Matokeo kamili yalichapishwa mwaka 1991. Kati ya watu 755 waliopewa dawa, walikufa 63. Kati ya 743 waliopewa plasebo, kidonge kisicho na dawa ndani, walikufa 26.

Mapigo yalitulia na watu wakafa.

Mimi huwa nawaambia wanafunzi wayaandike majibu hayo mahali wanapoweza kuyaona kila asubuhi, kwa sababu hakuna aliyekosea hesabu pale. Hoja ilikuwa safi, kipimo kilionyesha mafanikio, madaktari walikuwa waangalifu. Kilichokosekana ni kundi la pili la kulinganisha nalo. Daktari aliye peke yake na mgonjwa wake hawezi kuliona kundi la pili. Mgonjwa wake akifa ghafla nyumbani atasema, "Moyo ule ulikuwa mbovu, tulijitahidi." Ndiyo maana tunapiga kura. Jaribio la streptomaisini kwa kifua kikuu lililochapishwa Uingereza mwaka 1948, ambalo mtakwimu wake alikuwa Austin Bradford Hill, lilipiga kura kwa sababu ya kibinadamu kabisa: dawa ilikuwa haba, haikutosha kila mtu, na kura ilikuwa njia ya haki ya kuigawa. Katika miezi sita wakafa 4 kati ya 55 waliopewa dawa, na 14 kati ya 52 waliopewa mapumziko ya kitandani tu. Uhaba ulituzalia njia ambayo hadi leo hatujapata iliyo bora kuizidi.

Sasa kidonge cha bibi. Ni beta bloka, dawa inayopunguza kasi na nguvu ya mapigo ya moyo.

Ushahidi wa beta bloka baada ya mshtuko wa moyo ulikuwa mzuri, na msije mkaudharau. Jaribio la BHAT la mwaka 1982 liliwagawa watu 3,837 kati ya propranololi, moja ya beta bloka, na plasebo. Wakafa asilimia 7.2 upande wa dawa na asilimia 9.8 upande wa pili. Mengine ya wakati huo yalielekea huko huko. Ikawa sheria: umepata mshtuko wa moyo, utameza beta bloka, na hakuna aliyekuambia hadi lini.

Lakini tazameni mgonjwa wa 1982 alikuwa nani. Mshipa wake uliziba na kwa kawaida ukabaki umeziba. Hakuna aliyeingiza waya kuuzibua ndani ya saa chache na kuacha kijibomba cha kuushikilia. Statini, dawa za kupunguza mafuta kwenye damu, hazikuwepo. Alibaki na kovu kubwa moyoni, na kovu ndilo linalozaa mapigo ya hatari. Beta bloka ilimlinda mtu yule na kovu lile. Mgonjwa wa leo anaweza kufika hospitali mapema, mshipa ukazibuliwa, akapimwa moyo siku ya tatu ukakutwa unasukuma damu vizuri tu. Jina la ugonjwa ni lile lile, ila ugonjwa wenyewe umebadilika, na kwa takribani miaka 40 tuliendelea kumtibu huyu kwa ushahidi wa yule.

Mwaka 2024 jaribio la REDUCE-AMI, lililofanyika zaidi Uswidi, liliwachukua watu 5,020 waliopata mshtuko wa moyo na ambao moyo wao ulikuwa bado unasukuma nje, kwa kila pigo, asilimia 50 au zaidi ya damu iliyoujaza. Nusu beta bloka, nusu bila. Vifo au mshtuko mwingine: asilimia 7.9 waliomeza, asilimia 8.3 wasiomeza. Tofauti hiyo ni ya bahati. Wengi tulishangilia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisema nitaanza kukata Jumatatu.

Mwaka huo huo yakatoka majibu ya ABYSS, kutoka Ufaransa. Hawa waliuliza swali ambalo kwa sikio la haraka linafanana na lile la kwanza, na kumbe ni jingine. REDUCE-AMI iliuliza: tuianze au tusiianze? ABYSS ikauliza: aliyekwisha kuimeza kwa muda mrefu na hali yake ni tulivu, tumwachishe? Watu 3,698. Vifo, mishtuko ya moyo, viharusi na kulazwa kwa ajili ya moyo vikijumlishwa, ilikuwa asilimia 23.8 kwa walioachishwa na asilimia 21.1 kwa walioendelea. Jaribio lilishindwa kuthibitisha kwamba kuacha ni salama sawa na kuendelea. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na kulazwa hospitali, si vifo. Presha na mapigo ya walioachishwa vilipanda. Na ubora wa maisha, ambao ndio ulikuwa sababu kubwa ya kutaka kuwaachisha, haukuboreka.

Hapo ndipo nilipojifunza kuwa kutokuanza dawa na kuiacha ni mambo mawili. Mwili uliozoea kidonge miaka kumi si ule ambao haujawahi kukionja. Ushahidi wa mmoja usiusafirishe kwenda kwa mwingine bila kuukagua mpakani.

Agosti 2025 yakaja mawili kwa mpigo. REBOOT, la Hispania na Italia, lenye watu zaidi ya 8,000 ambao moyo wao ulisukuma zaidi ya asilimia 40, halikuona faida. BETAMI-DANBLOCK, la Norwei na Denmaki, watu 5,574, liliona faida: waliopata tukio baya ni asilimia 14.2 ya waliomeza dhidi ya 16.3 ya wasiomeza, hasa kwa kupunguza mishtuko mipya ya moyo. Vyombo vya habari vikaandika kwamba wanasayansi wamegongana. Mtu wa nje akisikia hivyo atasema hawa hawajui wanalofanya.

Kwa kweli hawakugongana sana. Data za watu wenyewe, mmoja mmoja, zilipokusanywa pamoja kutoka majaribio kadhaa, picha ilijigawa. Kwa wale ambao moyo ulikuwa umedhoofika kiasi, ukisukuma kati ya asilimia 40 na 49, beta bloka ilisaidia. Kwa wale 17,801 ambao moyo ulisukuma asilimia 50 na zaidi, hakukuwa na tofauti ya maana. Yaani maneno "amepata mshtuko wa moyo" hayatoshi tena kuandikia dawa. Inabidi umpime moyo, na ujue ni lini alipimwa mara ya mwisho. Na kwa moyo uliodhoofika kabisa, chini ya asilimia 40, hakuna mjadala: beta bloka inabaki, na atakayeikata kwa kisingizio cha hotuba yangu nitamkana hadharani.

Nimekaa hapo muda mrefu kwa makusudi. Mengine nitayapitia kwa haraka zaidi.

Aspirini. Kwa miaka mingi mtu akifika utu uzima, hata bila ugonjwa wowote wa moyo, aliambiwa ameze aspirini ndogo kila siku "kwa tahadhari". Mwaka 2018 jaribio la ASPREE, la Australia na Marekani, lilitoa majibu ya watu 19,114, wengi wao wa miaka 70 na kuendelea. Haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu. Damu kuvuja kwa kiasi kikubwa ilikuwa asilimia 3.8 kwa waliomeza na asilimia 2.8 kwa wasiomeza. Mwaka huo huo ASCEND iliwatazama watu 15,480 wenye kisukari wasio na ugonjwa wa moyo uliojulikana: matukio ya moyo na mishipa yalipungua kutoka asilimia 9.6 hadi 8.5, na kuvuja damu kukapanda kutoka 3.2 hadi 4.1. Mkono mmoja unatoa, mwingine unachukua karibu kile kile. Lakini aspirini ya bibi yangu sikuigusa. Yeye alishapata mshtuko, naye hayumo kwenye majaribio hayo. Kidonge ni kile kile, swali ni jingine.

Antibiotiki. Mgonjwa amekutwa na bakteria kwenye damu, tunampa siku ngapi? Wengi tungesema 14. Ukiuliza kwa nini 14, utagundua ni kwa sababu wiki ina siku saba na sisi ni waoga, kwa hiyo tukazidisha kwa mbili. Jaribio la BALANCE, lililotoka mwishoni mwa 2024, liliwagawa wagonjwa 3,608 kati ya siku 7 na siku 14. Baada ya siku 90 walikuwa wamekufa asilimia 14.5 wa kundi la siku 7 na asilimia 16.1 wa siku 14. Siku saba zatosha. Ila someni mlango wa jaribio kabla hamjaingia: wenye bakteria aina ya Staphylococcus aureus waliachwa nje, na waliopungukiwa sana na kinga waliachwa nje. Ukimkatia huyo dawa siku ya saba usiseme BALANCE imekuruhusu.

Mlango wa jaribio, ndugu zangu. Nani aliingia, nani aliachwa nje. Nikiambiwa nichague ukurasa mmoja tu wa ripoti nzima ya jaribio, nitachagua ule wa orodha ya walioruhusiwa na walioachwa. Muhtasari unaweza kunidanganya hata bila kukusudia, lakini orodha ile haina ujanja.

Nitawapa mfano unaoniumiza. Mwaka 2001 lilichapishwa jaribio la hospitali moja ya Marekani, wagonjwa 263 wenye sepsisi kali, yaani maambukizi yaliyoulemea mwili mzima. Waliopewa maji ya mshipani, dawa za kupandisha presha na damu kwa ratiba kali ya saa sita za kwanza walikufa hospitalini asilimia 30.5, waliotibiwa kwa kawaida walikufa asilimia 46.5. Dunia ikaipokea ratiba hiyo, na dripu ikawa ndiyo jibu la kwanza la kila presha iliyoshuka kwa maambukizi. Baadaye, mwaka 2014 na 2015, majaribio matatu makubwa, ProCESS, ARISE na ProMISe, yaliirudia ratiba hiyo na hayakuona faida zaidi ya uangalizi wa kawaida, ambao wakati huo ulikwisha kuwa mzuri.

Hapo ratiba ilionekana haina kazi tu. Zambia hali ikawa mbaya zaidi. Hospitali ya rufaa mjini Lusaka iliwagawa watu wazima 212 wenye sepsisi na presha iliyoshuka, ratiba ya maji mengi ya mapema upande mmoja, uangalizi wa kawaida upande mwingine. Matokeo yalitoka 2017. Waliopewa ratiba walikufa hospitalini asilimia 48.1. Waliopewa uangalizi wa kawaida, asilimia 33.0.

Sisi tuliokuwa wodini miaka hiyo tulifungulia dripu kwa moyo mweupe, tukiamini tunafuata ushahidi. Na kweli tulikuwa tunaufuata. Ulikuwa ushahidi wa watu wengine. Wagonjwa wa Lusaka karibu tisa kati ya kumi walikuwa na virusi vya UKIMWI, wengi wamedhoofu, na mashine ya kupumulia mapafu yakijaa maji haikuwa ya kila mtu. Maji ambayo mwili mmoja huyabeba, mwingine huzama nayo.

Na msidhani jambo hili ni la dripu peke yake. Kwa mgonjwa mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kama rivaroksabani, zilikwisha kuishinda warfarini kwa urahisi: hazihitaji kupima damu kila mara, hazigombani na chakula. Lakini majaribio yaliyozipa sifa hiyo yaliwaacha nje wenye valvu za moyo zilizobanwa vibaya na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaokaa kwa watu maskini. Tukadhani itakuwa vile vile kwao. Mwaka 2022 jaribio la INVICTUS likaenda kuwauliza wenyewe, katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Matukio mabaya, yaani kiharusi, damu kuganda kwingineko, mshtuko wa moyo au kifo, yaliwapata 560 kati ya 2,275 waliopewa rivaroksabani, na 446 kati ya 2,256 waliopewa dawa za zamani za jamii ya warfarini. Dawa ya zamani, ya bei ndogo na yenye usumbufu, ndiyo iliyowalinda zaidi. Sababu bado inajadiliwa. Mimi, bila ushahidi wowote, huwa nahisi kwamba kule kuitwa kila mwezi kupimwa damu na kuonwa na mtu kulikuwa nako ni tiba. Lakini hiyo ni hisia, na nimetoka kuwaambia hisia safi zilifanya nini mwaka 1991.

Sasa naona baadhi yenu mnaandika kwa furaha, "kukata, kukata". Polepole. Ushahidi wa miaka hii umetupa pia dawa ambazo kutoziandika ni kosa, na kosa la kutoandika halina kelele. Mgonjwa hatakushtaki kwa kidonge asichowahi kukisikia.

Mfano mkubwa ni vizuizi vya SGLT2. Vilizaliwa vikiwa dawa za kisukari, kazi yake ikiwa kumwaga sukari kwenye mkojo. Tangu 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilidai kila dawa mpya ya kisukari ithibitishe kwamba haidhuru moyo. Kampuni zililalamikia gharama. Mwaka 2015 jaribio la EMPA-REG OUTCOME, lililofanywa ili kuonyesha tu kwamba empagliflozini, mojawapo ya vizuizi hivyo, haidhuru, likaonyesha kwamba vifo vya moyo na mishipa vimeshuka kutoka asilimia 5.9 hadi 3.7. Hakuna aliyetegemea hivyo. Watu wakauliza: kama inasaidia moyo, sukari ina haja gani? Mwaka 2019 DAPA-HF, jaribio la dapagliflozini, dawa ya jamii hiyo hiyo, ikawachukua watu 4,744 ambao moyo umeshindwa kusukuma damu, zaidi ya nusu hawana kisukari. Kuzidiwa na ugonjwa wa moyo au kufa kwa moyo kukashuka kutoka asilimia 21.2 hadi 16.3 katika takribani mwaka mmoja na nusu. Mwaka uliofuata DAPA-CKD ikafanya hivyo hivyo kwa figo, kutoka asilimia 14.5 hadi 9.2.

Kuhusu namba hizi nina neno moja kwa nyinyi vijana. Mtasikia mtangazaji wa dawa akisema, "Imepunguza hatari kwa asilimia 26." Hakudanganya. Lakini mgonjwa haishi ndani ya asilimia ya asilimia. Toa 16.3 kwenye 21.2, unabaki na 4.9. Yaani ukiwapa dawa watu kama 20 kwa muda huo, mmoja ataepushwa na tukio baya kwa sababu ya dawa. Waliobaki wangefika walikofika hata bila hiyo. Mmoja kati ya 20 ni faida kubwa sana katika kazi yetu, mkitaka kujua. Mwambieni mgonjwa hivyo hivyo, kwa watu, si kwa asilimia, nanyi mtaona anavyokaa sawa kwenye kiti na kuanza kuuliza maswali.

Na kuna dawa ambazo mgonjwa anaziacha mwenyewe kabla hujamwambia. Statini ndiyo bingwa wao. "Daktari, zile za mafuta zinaniuma misuli." Wengine huwadharau, wengine hukata dawa papo hapo. Uingereza walifanya jambo la busara zaidi, jaribio la SAMSON, lililotoka 2020. Waliwachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya maudhi, wakawapa makopo ya miezi 12: mengine yana statini, mengine plasebo, mengine matupu, kwa mpangilio wasioujua isipokuwa kopo tupu ambalo kila mtu analiona. Kila siku waliandika wanavyojisikia kwa alama kati ya 0 na 100. Miezi bila kidonge: 8.0. Miezi ya plasebo: 15.4. Miezi ya statini: 16.3.

Maumivu yalikuwa ya kweli, msije mkamwambia mtu anajifanya. Ila karibu yote yaliletwa na tendo la kumeza kidonge, si na kilichomo ndani. Na kinachonifurahisha zaidi ni kwamba walioonyeshwa alama zao wenyewe, nusu yao walirudi kumeza statini. Hawakuhubiriwa. Walionyeshwa daftari lao.

Nilisema nitarudi kwa bibi.

Tulikaa naye kama dakika 40, na foleni nje ikanichukia. Vidonge viwili vilikuwa vya ugonjwa mmoja, kimoja kimeandikwa hapa na kingine kule, kimoja nikakiondoa. Kimoja kilikuwa cha kiungulia alichokipata wakati wa kulazwa, na kiungulia kiliisha zamani. Lakini kwa kuwa anatumia aspirini katika umri ule, tumbo lake linahitaji ulinzi, nikakibakiza na nikaandika pembeni sababu ya kukibakiza. Kile asichokikumbuka kilikuwa vitamini.

Ikabaki beta bloka. Nilimpima moyo: unasukuma asilimia 55. Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi, bila majina ya majaribio. Kwamba angekuwa amepata mshtuko ule jana, huenda nisingemwandikia. Kwamba kwa aliyekwisha kuizoea, Wafaransa wamejaribu kuwaachisha watu kama yeye na haikuwa shwari kama tulivyotarajia, na presha inaweza kupanda. Kwamba kwa vyovyote haikatwi ghafla, hupunguzwa taratibu.

Akauliza, "Wewe ungekuwa mimi?"

Nikamwambia mimi kinachonisumbua ni kizunguzungu chake anapoamka usiku, na mapigo yake ambayo nilikuwa nimeyahesabu nikapata 48 kwa dakika. Namba hiyo haikutoka kwenye jaribio lolote, ilitoka mkononi mwake. Tukakubaliana tupunguze nusu, ajipime presha asubuhi na jioni, arudi baada ya wiki nne.

Alirudi na daftari la mjukuu wake, kurasa zimejaa namba, mwandiko wa mtoto. Kizunguzungu kilikuwa kimeisha. Mapigo yalifika 60. Presha ya juu ilikuwa imepanda kwa namba kama nane hivi, asubuhi hasa.

"Sasa mwanangu," akasema, akifungua ukurasa mpya, "tufanyeje?"